Picha ya Nyuma na Maji Yaliyopanda Mlima

Mwaka 1974, nikiwa na miaka kumi na mmoja, ndipo shida ilipoanza. Mama yangu, Elinaja, alishikwa na uchungu kule kwetu Vudee, kwenye milima ya Upare. Wanaume wanne wakamlaza kwenye kitanda cha kamba, wakakipitishia miti miwili kikawa machela, wakaanza kushuka naye kuelekea barabara ya magari. Hawakufika. Walirudi jioni ile na machela ileile, mama na mtoto wamefunikwa shuka moja. Baba alikaa miaka miwili, kifua kikamchukua na yeye. Nikaacha shule darasa la nne, nikashuka Hedaru kupakia malori.

Siandiki haya mnionee huruma. Huruma nilishaikataa zamani, haipikiki. Naandika kwa sababu ninyi mnaobaki ofisini mmeniomba niweke kwenye karatasi jinsi nilivyokuwa nikifanya kazi ya picha za majengo ambayo bado hayajajengwa, na kazi ile siwezi kuieleza nikaiacha machela nje.

Hedaru nilipakia vitunguu, nikapakia mahindi, nikapakia na vitu ambavyo mwenyewe hakutaka nijue ni nini. Halafu fundi mmoja wa kujenga, marehemu Yohana, akaniona nikipanga magunia. Akasema, "Wewe unapanga kama mtu anayejenga. Kesho njoo unichanganyie zege." Nilimchanganyia zege miaka sita. Huyo ndiye mwalimu wangu wa kwanza, na chombo alichonifundisha ndicho kimenilisha mpaka leo: mpira wa maji. Vijana mmezoea vyombo vya taa nyekundu, kwa hiyo naeleza. Ni mpira mwembamba unaoona ndani. Unaujaza maji, huku mtu ameshika ncha moja na wewe umeshika nyingine. Maji ya ncha hii na maji ya ncha ile yatasimama sawasawa, hata kama katikati kuna nyumba, shimo au mkwe wako. Ukiweka alama hapa na kule, hiyo ndiyo levo.

Siku moja nilimwambia Yohana msingi umenyooka, nimeutazama kwa jicho. Akacheka mpaka akakohoa. "Jicho lako ni mlevi," akasema. "Maji hayajawahi kulewa."

Nilikuwa fundi kamili kwa miaka mingi. Kisha jukwaa likavunjika pale Same, nikaanguka na mguu ukavunjika mara mbili, juu na chini ya goti. Mguu ukaunga ulivyotaka wenyewe. Kupanda ngazi ikawa basi. Nehemia, mchora ramani mwenye ofisi ile mnayoijua karibu na stendi, alikuwa akinifahamu kwa kazi. Mtu wa Ugweno, Upare ya kaskazini, mkali, mwenye haraka, lakini si mbaya. Akaniambia, "Njoo ufagie, uchemshe chai, na tukienda kupima viwanja unishikie futikamba." Nikaenda. Mtu mwenye mguu mmoja na nusu hachagui ufagio.

Siku yangu ya kwanza niliharibu kazi ya siku nzima. Kulikuwa na binti mpya, Pendo, ametoka Igunga na cheti chake cha kompyuta. Mimi nafagia chini ya meza yake, ufagio ukavuta waya, kioo kikawa cheusi. Yeye alikuwa ametoka kununua vitumbua. Akarudi, akasimama mlangoni.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, binti. Wewe ndiye mtu wa kompyuta?"

"Ndiyo mimi. Na wewe ndiye mtu wa kuzima umeme?"

Picha ilikuwa inapikwa tangu asubuhi. Wenyewe mnasema kurenda. Sisi tulisema kupika, kwa sababu mambo ni yaleyale: unaweka vitu vyote ndani, unafunika, unangoja, na ukifungua kabla ya wakati unakula vibichi. Kwa aibu nikajipa adhabu ya kuilinda ile kompyuta. Nikakaa kwenye kiti nikaitazama. Ikaanza na chengachenga kama mchele uliomwagika, halafu ukuta, halafu bati, halafu dirisha likapata kioo na kioo kikapata mwanga. Chai iliungua jikoni sikusikia. Miaka yangu arobaini na tatu, sijawahi kuona kitu cha namna ile.

"Pendo," nikauliza, "nyuma ya nyumba kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Hakuna kitu namna gani? Kila mahali kuna kitu."

"Kijivu tu, fundi. Ni kompyuta."

"Hata ukungu wa mlima Shengena una kitu ndani yake."

Akanitazama kwa mara ya kwanza kama mtu na si kama ufagio. Akabonyeza mahali, akatoa orodha ya picha za kuweka nyuma zilizokuja na programu. Kulikuwa na ziwa lenye bata. Kulikuwa na mlima wenye theluji, na miti iliyochongoka kama penseli. Kulikuwa na majani mabichi mpaka mwisho wa dunia. Hapo ndipo kazi yangu ilipoanza, ingawa cheo changu kiliendelea kuwa chai.

Nilijifunza jioni ofisi ikifungwa na mchana Nehemia akiwa kiwanjani. Kizungu sijui. Maneno ya kwenye kioo niliyajua kwa sura, kama unavyomjua mtu kwa mwendo kabla hujaona uso. Neno hili refu lenye mkia linaongeza mwanga. Neno hili fupi linazungusha anga. Hili usiliguse. Pendo alinipiga vidole kwa rula, mtu niliyemzidi karibu miaka ishirini, kisha akasema samahani fundi, kisha akanipiga tena.

Mteja wa kwanza kuona picha yangu alikuwa mzee wa Kimasai kutoka tambarare za chini, mwenye ng'ombe wengi, anajenga nyumba ya bati kwa mara ya kwanza. Nilimwekea nyuma yale majani mabichi. Nikajisifu moyoni. Mzee akaitazama picha muda mrefu, akaegemea fimbo.

"Nyumba ni nzuri," akasema. "Lakini majani haya hayajaliwa."

"Ndiyo mzee, mabichi kabisa."

"Majani mengi hivi na hakuna ng'ombe. Hapa kuna ugonjwa gani?"

Nehemia akatoka nje kucheka. Mimi sikucheka, nilikaa nikafikiri. Yule mzee hakuangalia nyumba; aliangalia nyuma ya nyumba, kwa sababu huko ndiko anakoishi. Nyumba ni mahali pa kulala. Tangu siku ile nikaomba kamera ya ofisi, nikawa napiga picha mwenyewe kwenye kiwanja cha mteja, na vumbi lake na miiba yake.

Mkipiga wenyewe mtakutana na tatizo la majua mawili. Programu ile ilitengenezwa na watu wa mbali sana, jua lao linakaa upande mmoja mwaka mzima. Letu huhama. Mwezi wa sita linapita upande wa Ugweno, mwezi wa kumi na mbili linapita upande wa pili. Kwa hiyo nilikuwa napata picha ambayo mti umetupa kivuli kushoto na nyumba imetupa kulia. Mteja hajui kasoro ni nini, lakini anakunja uso. Dawa yake: ukipiga picha, choma kijiti ardhini, upige na kivuli chake. Ukirudi ofisini zungusha jua la kompyuta mpaka kivuli cha nyumba kilale kama cha kijiti. Kijiti ni bure.

Tatizo la pili lilinichukua mwaka. Programu inakuuliza upeo wa macho uko wapi, yaani mstari ambapo ardhi inakutana na mbingu. Mimi ni mtoto wa milimani. Kwetu ardhi inakutana na mbingu juu ya mlima, mahali pengine hapapo. Basi nikawa naweka mstari pale mgongoni mwa mlima, na nyumba zangu zote zikawa zinaonekana kama zinamwagika. Bati lote la juu linaonekana, baraza linateremka kuja kwako.

"Fundi," Pendo akasema, "mtu akiweka kikombe kwenye baraza hili, chai itamfuata mpiga picha."

"Upeo nimeweka. Si ule pale?"

"Ule ni mlima!"

"Na baada ya mlima kuna nini? Mbingu. Basi."

Akashika kichwa. "Kwetu Igunga ukiamka unaona mwisho wa dunia pande zote, sawa na jicho lako. Ukikaa chini unashuka na wewe, ukisimama unapanda. Ninyi Wapare mmekaa ndani ya shimo la milima, hamjawahi kuuona upeo hata siku moja, halafu mnabishana nao."

Nilibisha siku mbili, si Mpare mimi? Siku ya tatu nikiwa naosha vikombe neno lake likarudi. Sawa na jicho lako. Unashuka nao, unapanda nao. Nikaweka kikombe chini. Hiyo si ndiyo levo? Upeo ni levo ya jicho tu, imepita ndani ya mlima, mlima umeificha! Nikatoa mpira wa maji wa marehemu Yohana kwenye sanduku langu. Nikasimamisha kamera uani kwenye stendi yake ya miguu mitatu, nikafunga ncha moja ya mpira sawa na kioo cha kamera, Pendo akashika nyingine akazunguka nayo, akipiga alama ya chokaa ukutani kwa jirani, kwenye nguzo ya umeme, kwenye mpapai. Nikapiga picha. Kwenye kompyuta nikavuta mstari ukapita kwenye zile chokaa zote, nikaiambia programu upeo ndio huo. Nyumba ikakaa chini kama kuku kwenye mayai.

Pendo akapangusa chokaa mikononi. Kisha akauliza, "Nani kakufundisha hii?"

"Yohana wa Hedaru. Alikufa hajaona kompyuta."

Baada ya hapo Nehemia alitafuta mtu mwingine wa chai.

Sasa niseme la Vudee, ambalo ndilo mliloliuliza.

Kijiji kilipata wafadhili wa kujenga wodi ya wazazi. Mnaelewa maana yake kwangu. Machela zilikuwa bado zinashuka mlima ule. Zimebadilika tu, siku nyingine zikawa bodaboda, mama katikati ya watu wawili. Wafadhili walitaka ramani, picha ya jengo, na sahihi za wanakijiji kwamba wamekubali na watachimba msingi kwa msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja. Vyote viwafikie kabla ya mwezi kwisha. Vikichelewa, wodi inakwenda kijiji kingine. Kiwanja kilikuwa kimeshachaguliwa, kwenye kilima kidogo karibu na ndiva.

Ndiva, kwa wasio wa kwetu, ni bwawa la udongo walilochimba mababu. Maji ya mlimani yanajaa humo usiku, asubuhi linafunguliwa na watu wanamwagilia mashamba kwa zamu. Ukikosa zamu yako unakosa maharage.

Hapo nilifanya kosa, na nitalisema wazi. Ulikuwa wakati wa kiangazi. Nilikwenda Vudee, nikaona majani makavu, ndiva imejaa tope, na upande wa kushoto njia ya miguu inashuka mlimani kama kovu. Ni njia ile waliyomshushia mama. Nilipiga picha mbili nikazifuta palepale. Niliona haya kwa ajili ya kwetu. Wafadhili wataona nini? Ofisini kulikuwa na picha za shamba la kaka yake Nehemia huko Ugweno: migomba, kahawa, kijani mpaka macho yanauma. Nikaichukua mojawapo nikaiweka nyuma ya wodi. Jua nikalipanga, upeo nikaupanga. Hakuna aliyewahi kutengeneza picha safi kama ile pale Same. Na ilikuwa uongo mtupu.

Mkutano ulikuwa uwanjani kanisani baada ya ibada. Picha tuliichapisha kubwa, tukaibandika kwenye ubao. Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti wa kijiji akashukuru, akashukuru tena. Ndipo akainuka Bibi Namkunda, mkunga wa zamani, mkono wake umepokea nusu ya watu waliokuwa pale. Akasogea mpaka pua ikakaribia karatasi.

"Migomba hii ya nani?"



"Wewe," bibi akanigeukia, "si mtoto wa Elinaja?"

"Ndiyo, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Ndiva iko wapi?"

"Bibi, hii ni picha tu ya—"

"Nimeuliza ndiva. Mama yako alimwagilia maharage yake kwa maji gani? Mate?"

Watu wakaanza kunung'unika. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti: "Wanataka kuifukia! Si mnaona wameshaitoa?" Mwingine: "Ndiyo maana wamechagua pale!" Katika dakika tano wodi ikawa njama ya kuiba maji. Mwenyekiti akapiga meza. Bibi Namkunda alikuwa hajamaliza.

"Na kiwanja chenyewe hakifai. Nikiwa mtoto ndiva ile ilipasuka, maji yakapanda kilima kile, yakachukua mbuzi wa baba yangu."

Hapo ndipo watu walipocheka, hata waliokuwa wamekasirika. Maana kilima kinaonekana kiko juu ya ndiva. Ukisimama hapo unaitazama ndiva kwa chini.

"Bibi yetu," mwenyekiti akasema kwa upole, "maji hayapandi mlima."

"Cheka tu. Mbuzi wa baba yangu walikuwepo. Hawakucheka."

Mama mmoja mwenye mimba kubwa, amekaa pembeni kwenye jiwe, akasema si kwa sauti kubwa, lakini wote tukasikia: "Ninyi gombaneni na picha. Mimi nitajifungulia wapi?"

Wakakata shauri: hakuna sahihi mpaka waione picha ya kweli. Kwenye gari wakati wa kushuka Nehemia aliendesha mpaka tukafika lami. Hapo akasema, "Zimebaki siku tisa."

Nilirudi Vudee na Pendo, na mipira mitatu ya maji niliyoiunga kwa vipande vya bomba na kufunga kwa raba za tairi. Maji tuliyachota ndivani kwenyewe, nikatia bluu ya kufulia yaonekane. Mnaojifunza, gongagonga mpira viputo vitoke. Kiputo kimoja kinakudanganya kuliko mwanasiasa. Vigingi vya pembe za jengo vilikuwa vimeshachomwa. Kamera nikaisimamisha hatua kadhaa mbele ya mahali pa mlango wa wodi, kwenye ardhi iliyo sawa na mlango, kioo chake futi tano kutoka chini, jicho la mtu. Nilitaka tu kupata alama zangu za upeo. Lile la maji kupanda mlima, sitadanganya, lilikuwa linaniwasha. Mtu aliyepokea watoto miaka yote ile anajua kutazama. Aliona nini?

Mwenyekiti alikuja na mti mrefu. Kwa hesabu yake, kwa kuwa kilima kiko juu, levo ya kamera itapita hewani juu ya ndiva, kwa hiyo lazima ncha ya mpira inyanyuliwe kwa mti. Hesabu yake ilikuwa yangu pia. Bibi Namkunda akakataa kumwachia mtu mpira. "Nipeni mimi. Ninyi mmeshachora migomba." Akashuka nao taratibu, akapita kwenye bonde dogo, akapanda kuelekea ukuta wa ndiva. Mimi naangalia maji kwenye ncha yangu.

"Umefika, bibi?"

"Nimefika chini ya ukuta."

"Inua, mwenyekiti akusaidie!"

"Niinue nini? Maji yameshuka hayaonekani."

"Basi teremsha!"

Akateremsha mpaka kiunoni. Akateremsha mpaka magotini. Mwenyekiti amesimama kando yake na mti begani kama mtu aliyekuja kuangua nazi kwenye shamba la maharage.

"Yako wapi sasa, bibi?"

"Kwenye viatu vyangu."

Nilimwambia Pendo ashike, nikaenda mwenyewe na mguu wangu. Bluu ilikuwa pale, sawa na udongo, chini kabisa ya ukuta wa ndiva. Nikagonga mpira viputo vitoke, hakukuwa na kiputo. Tukarudia mara tatu. Maana yake ni hii: kitako cha ndiva kiko sawa na jicho la mtu aliyesimama mlangoni mwa wodi. Bwawa zima liko juu ya kichwa chake. Kilima kile hakipo juu, ni macho. Nyuma ya ndiva mlima umesimama wima, na kitu kilichokaa chini ya mlima wa namna hiyo huonekana kifupi. Wapare tumeishi hapo vizazi na vizazi, tukakitazama kila siku, kwa macho yetu ya kilevi.

Bibi Namkunda akachovya kidole kwenye tone la bluu.

"Kwa hiyo hayakupanda," akasema.

"Hayakupanda, bibi. Yalishuka tu."

"Baba alipigwa faini kwa kusema uongo." 

Nikarudi ofisini nikaweka picha niliyopiga siku hiyo nyuma ya jengo. Nikavuta upeo kwenye alama za chokaa, nikakalisha jengo kwenye vigingi vyake. Kila kitu kilikaa. Na pale juu ya paa la baraza, ndiva, kama ndoo iliyowekwa ukingoni mwa kabati. Nehemia akasimama nyuma yangu.

"Shusha picha," akasema.

"Picha iko sawa."

"Najua iko sawa. Ishushe kidogo. Ndiva ikae chini, kama watu wanavyoiona. Wanataka kuiona ndiva, waonyeshe ndiva."

"Ukuta ukipasuka?"

"Umesimama tangu mababu. Kazi yako ni picha, fundi, kiwanja si chako. Zimebaki siku tano. Unataka wodi iende kwingine kwa ajili ya vidole viwili vya picha?"

Na kweli vilikuwa vidole viwili. Niliishika mausi, nikaivuta picha ya nyuma, ikateremka laini kama siagi. Ndiva ikakaa chini ya baraza, imetulia, imependeza. Mnielewe vizuri: ofisini tunafuta nyaya za umeme, tunafuta mitaro, tunafuta mbwa wa jirani, hiyo ni kazi, sijutii. Mkono wangu ulikuwa umeshazoea. Nikatazama kama kuna kona iliyokosa kukaa, na upande wa kushoto nikaiona ile njia ya miguu. Ilikuwa imeteremka pamoja na picha. Sasa ilikuwa inaanzia hewani na kuishia kwenye maua niliyopanda kwa kompyuta.

Nikarudisha picha ilipokuwa.

"Nehemia," nikasema, "sitaishusha. Njoo Vudee ushike mpira mwenyewe. Ukiona maji yako chini ya ukuta na bado unataka nishushe, nitashusha, halafu nitarudi Hedaru kwenye vitunguu."

"Ninyi Wapare wa Kusini!" akafoka. "Mtayapeleka hata maji mahakamani!"

Lakini alikuja. Alivaa viatu vya ofisi, akashika ncha, akapita bondeni, akapanda, akateremsha mkono mpaka chini, akachuchumaa.  Bibi Namkunda alikuwa amesimama pale na makande kwenye bakuli, anakula, anamtazama.

"Basi," Nehemia akasema. Hilo ndilo neno lote alilosema, na kwa mtu kama yeye ni hotuba.

Ukoo wa Bibi Namkunda ukatoa kipande cha shamba upande wa pili, juu ya ndiva, juu ya kweli, tulipima mara nne. Nehemia alibadilisha ramani kwa siku mbili. Mimi nilipiga picha mpya na kijiti na chokaa. Pendo akapika picha. Ilipotoka akasema, "Fundi, hiyo njia ya kushoto inachafua. Niifute?"

"Iache."

Mkutano wa pili watu hawakupiga makofi. Walikuja mmojammoja wakaweka vidole kwenye karatasi: hapa kwa fulani, hapa mfereji, hapa mti wa kanisa. Bibi Namkunda akaweka chake kwenye tope la ndiva. "Mbaya," akasema, "lakini yetu." Akaweka dole gumba la sahihi, wa kwanza. Karatasi zikafika kwa wakati, zimebakiwa na siku moja.

Masika ya tatu baada ya wodi kufunguliwa, ukuta wa ndiva ukapasuka. Maji yakapita juu ya kile kilima kama yametumwa, yakang'oa vigingi vyetu vya zamani ambavyo hakuna aliyejali kuvitoa, yakaondoka na mbuzi wawili wa mwenyekiti. Asubuhi ile wodini kulikuwa na akina mama wawili na watoto wao. Waliamshwa na kelele, wakatazama dirishani, wakarudi kulala.

Ndugu zangu mnaobaki, sina mengi ya kuwafundisha. Programu mpya inajipangia jua na upeo yenyewe, na inapika kwa muda wa kumenya chungwa. Nimeijaribu, ni nzuri sana, natamani ningeikuta nikiwa kijana. Lakini bado inamuuliza mtu picha ya kuweka nyuma.

Nilivyo navyo leo ni hivi. Nyumba ya vyumba vitatu hapa Same, niliichora mwenyewe, baraza halimwagi chai. Mke mmoja, watoto wanne, wote wamepita darasa la nne. Mbuzi kumi na mmoja. Mguu unaojua mvua siku moja kabla. Kompyuta ya zamani ya ofisi, waliniachia, inawaka ikipenda. Mpira wa maji wa marehemu Yohana, umekuwa wa njano lakini hauvuji. Na picha ya wodi ya Vudee, imetundikwa sebuleni: majani makavu, ndiva ya tope, na upande wa kushoto njia ya miguu inashuka mlimani. Siku hizi, kule Vudee, nyasi zimeanza kuiotea njia ile.